Blauzi Iliyopigwa Pasi

Bweni la Wasichana,
Chumba namba 14.
Jumapili, tarehe 9 Juni.

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umeamka salama, na kifua kisikubane tena kama mwezi uliopita. Na Bibi je? Miwani mipya imemfaa, au bado anaivua akitaka kuona? Mimi mwili ni mzima. Chakula nakula, ila usingizi ndio unanipiga chenga.

Uliniuliza ile kazi ya kujitolea inaendaje. Kila Jumamosi asubuhi sisi wa mwaka wa kwanza chuoni tulikaa maktaba na wanafunzi wa sekondari, kila mtu na wake, tukiwafundisha kuandika insha. Nilikwambia naipenda kwa sababu meza ni ya watu wawili, na mtu mmoja naweza kumtazama usoni. Hayo ni kweli. Sikukwambia yote.

Wangu alikuwa binti wa kidato cha nne. Wenzake walimwita Kifutio, maana alifuta mpaka karatasi ikatoboka. Alikuwa anaomba ufadhili wa kidato cha tano na sita. Waombaji huandika insha moja kwa Kiingereza, halafu huitwa mbele ya jopo kuizungumzia. Akikosa, shule basi. Anabaki nyumbani kumsaidia mama yake, ambaye hupiga pasi nguo za watu.

Basi akaandika juu ya pasi hiyo. Kiingereza chake kilichechemea, lakini kilifika. Aliandika kwamba mama hulowesha kidole kwa mate, hukigusisha kwenye chuma, kisha husikiliza, na kwamba kwa shati la hariri anataka sauti moja na kwa suruali ya shule sauti nyingine. Watoto wakipiga kelele huwaambia, "Nyamazeni kidogo, nisikie."

Mjomba, niliisoma nikaona aibu. Unakumbuka barua nilizokuandikia nikiwa darasa la tano? Ulinirudishia zimejaa wino mwekundu, na chini umeandika, "Andika upya." Nililia, kisha nikaandika upya. Nikakua nikiamini kwamba kumpenda mtu ni kumsahihisha. Sikulaumu. Hapana, huo ni uongo, nakulaumu kidogo.

Jumamosi ya kwanza niliondoa mate kwenye insha. Ya pili nikaondoa sauti. Ya tatu nikamwambia aniachie daftari, nikaenda nalo bwenini. Liliporudi, mama yake alikuwa nguzo ya jamii na taa gizani, na pasi ilitajwa mara moja tu.

"Dada, ile ya mate umeitoa?"

"Wale ni watu wakubwa. Utawapelekea mate?"

Akacheka. Akainakili yote kwa mwandiko wake, na hakufuta hata neno moja. Hilo peke yake lingetosha kunishtua.

Siku ya jopo nilimwazima blauzi yangu nyeupe, nikamsindikiza. Nilikaa kwenye benchi la korido, na mlango haukufungwa vizuri. Mwenyekiti, mama mmoja mwenye sauti ya upole, alimsomea sentensi yangu akamwomba aieleze. Kifutio akairudia neno kwa neno. Akamsomea nyingine, nayo akairudia tu.

"Mwanangu, mwenye insha hii yuko wapi? Mwite aingie, hatumli."

Wanajopo wenzake wakacheka. Kutoka benchi hadi mlangoni ni hatua nne. Wewe ndiye uliyenipa jina la Konokono, kwa sababu mgeni akibisha hodi nilitorokea chumbani. Siku ile nilijikunja vilevile. Nikamsikia Kifutio akisema, "Ni yangu." Alisema hivyo mara tatu. Hakunitaja. Nami nikatazama viatu vyangu.

Walimwandikia kwamba amenyimwa kwa kuwa insha si yake. Kinachoniuma zaidi ni kwamba hawakukosea.

Jumamosi iliyofuata hakuja na daftari. Alikuja na blauzi yangu, imefuliwa, imepigwa pasi, kola imesimama wima.

"Mama anashukuru kwa msaada wako. Anasema Mungu akulipe."

Hakukaa. Ile blauzi nimeitundika kwenye msumari nyuma ya mlango, na kila nikiufungua inanipungia mkono.

Jumatatu nilikwenda kwa mwenyekiti, nikasema yote kwa kigugumizi. Alinisikiliza hadi mwisho. Akaniambia nimechelewa, nafasi imepata mtu, na huyo naye hana kosa. Halafu akauliza ile ya kwanza ilisemaje. Nikamweleza habari za mate na za kusikiliza. Akavua miwani.

"Hiyo tungeichukua," akasema.

Kazi ya kufundisha wameniondoa. Sawa, hiyo sikuililia.

Jana nilikwenda kwao. Kifutio alikuwa anakunja mashuka, hakuniinulia macho. Nikasimama mbele ya meza ya kupigia pasi nikaanza kumweleza mama yake, na kwa mara ya kwanza maishani maneno yakanitoka mfululizo: kwamba sikutaka mabaya, kwamba nilikuwa na nia njema, kwamba hata mimi nilifundishwa hivyo. Mama yule hakunitukana. Alilowesha kidole, akakigusisha kwenye pasi, akainamisha kichwa.

"Nyamaza kidogo, mwanangu," akasema. "Nisikie."

Nikanyamaza. Alimaliza shati zima, na la pili. Nikatoka.

Nisalimie sana Bibi, umwambie bado nakunja nguo alivyonifunza. Msalimie mkeo, na wale mapacha wenu, uwaambie wakuandikie wanavyotaka. Mungu akupe pumzi pana na akuwekee mkono wake kifuani.

Barua hii nimeiandika mara moja, sijaifuta popote. Makosa utayaona, Mjomba. Nakuomba uyaache.

Ni mimi mpwa wako, nikupendaye bado,
Konokono.