Minyoo Haikohoi, Nilisema

Alhamisi. Ukungu umeishika Malangali tangu asubuhi. Mikono yangu bado inanuka damu, na nimenawa kwa sabuni mara tatu.

Mbuzi wangu wa pili amekufa leo. Yule mweupe, mwenye mimba.

Nikiri tu. Wiki tatu walikuwa wanakohoa, nami nikasema ni baridi yetu ya Ufipa, nani hapa hakohoi? Zamani bwana mifugo alikuwa anapita mwenyewe. Siku hizi ni maduka ya dawa, kila mtu ni daktari wa zizi lake. Nikanunua sindano ya kikohozi, nikawachoma.

Jirani yangu Mama Masanja, Msukuma aliyekulia kwenye mifugo, aliwasikia ng'ambo ya ua akaniambia ni minyoo. Nikacheka.

"Minyoo inakohoa tangu lini, dada? Mbuzi wangu hawaharishi, wanakunya gololi."

Akasema "haya", akaingia kwake. Mimi nikaenda kuwasimulia wenzangu wa jumuiya, tukacheka kabla ya rozari. Kabla ya rozari, jamani.

Leo amekuja na kisu chake bila kuitwa. Akapasua koo la yule mweupe mpaka kwenye mapafu. Ndani ya povu kulikuwa na nyuzi nyeupe, kama za cherehani, zinajinyonganyonga. Nilingoja aniseme. Hakunisema. Tukawanywesha dawa ya minyoo wanne waliobaki, yeye akiwashika vichwa, kisha akauliza huwa nawafungulia saa ngapi. Nikamjibu kwa kujisifu kidogo: alfajiri, ili niwahi Misa.

"Basi ni umande, Mama Kristina. Watoto wa hiyo minyoo wanakaa kwenye majani yaliyolowa."

Mimi napiga magoti, wao wanakula minyoo.

Kuanzia kesho watatoka majani yakishakauka. Misa za katikati ya wiki nitazikosa, na Mungu anajua sikimbii. Hilo halinisumbui sana.

Linalonisumbua ni Jumamosi. Jumuiya inasali kwangu, watakuja wale wale niliowachekesha. Wawili wao wana mbuzi wanaokohoa, na najua wamewachoma sindano ile ile, maana mimi ndiye niliyewaelekeza duka.

Naweza kuwaambia habari ya dawa tu, nikaacha habari ya kicheko. Nimeshajaribu maneno hayo hapa jikoni, yanatoka vizuri kabisa.

Ndiyo maana siyaamini. Nitaanza na kicheko, na nitalitaja jina la Mama Masanja.