Kinundu cha Mkono wa Kulia

Bomani, Sumbawanga
14 Juni 1951

Kwa kaka yangu mpendwa Clemens,

Shikamoo kaka. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kile kifua cha utotoni hakikusumbui tena. Sisi huku hatujambo. Mama analalamikia magoti, Baba anaona kwa jicho moja, na dada yetu Stefania ameolewa Milepa, ana watoto wawili wanaokujua kwa jina tu. Ulezi umevunwa. Kila anapopika togwa Mama hukutaja, nami hujifanya sikusikia, kwa kuwa nikisikia nitalia.

Habari kwamba uko Luanshya nimezipata kwa Wilibrodi, aliyerudi kutoka migodini wakati wa Pasaka. Alisema umenenepa, nikambishia. Kisha akasema hata kanisani hutoi mkono wa kulia mfukoni. Hapo nikajua kweli amekuona wewe.

Mimi sasa ni dresa, mfunga vidonda, hapa hospitali. Usicheke, najua nilikuwa nikiona damu nazimia. Mwezi uliopita alikuja mzee mmoja akitaka akatwe kinundu kilichomtoka mgongoni mwa mkono, karibu na kifundo. Nilipokiona, nilikitambua, ni kama chako. Bwana Daktari alimwambia anyooshe vidole huku yeye akivizuia, kinundu kikakaza. Mzee alipolegeza, nacho kikalegea. Daktari akaweka kisu chini. Alitueleza kuwa huo si uvimbe wala ugonjwa, ni msuli mdogo wa ziada. Kati ya watu mia, wawili au watatu huzaliwa nao, na kazi ya jembe huukuza mpaka ukaonekana.

Siku hiyo alikuwa na furaha, akatuambia sote tugusanishe kidole gumba na kidole cha mwisho, tukunje kifundo kidogo. Wengi wetu kano ilisimama katikati ya kifundo. Abdala mfagiaji hakuwa nayo mkono wowote, na ndiye anayebeba ndoo za maji mbili mbili. Maskini alinuna mpaka saa ya chakula, akidhani ameibiwa. Daktari akamwambia kuwa Mungu hakuishona mikono yote kwa kipimo kimoja.

Kaka, nilikaa nyuma ya ghala la dawa nikalia. Nilikumbuka mwaka ule kule nyumbani Mwimbi, Baba akitetemeka kwa homa na bado analima, nawe ukamtoa jembe mkononi ili apumzike. Wewe ulimhurumia. Yeye alisema umempokonya utu uzima wake mbele ya watu. Wiki chache baadaye, tukiwa tunakula, akakiona kinundu chako, akasema mkono uliompokonya mzazi umejitangaza wenyewe. Tangu siku hiyo mkono wako haukugusa chungu chetu. Ulipewa kile kibakuli chenye ufa, ukala peke yako mlangoni msimu mzima, hadi asubuhi uliposhika njia ya Abercorn, ng'ambo ya mpaka, bila kuaga.

Sasa nikuambie neno lililonifanya nichane karatasi tatu kabla ya hii. Si daktari aliyenifundisha kuwa hukulaaniwa. Nilijua tangu wakati ule. Siku Baba aliposema yale, nilijipapasa mkono wangu wa kulia nikakuta kinundu kama chako, mahali palepale. Nami sikuwahi kumpokonya Baba hata punje. Ningeuonyesha mkono wangu tu, wako ungerudi chunguni. Niliogopa kibakuli, kaka. Nilifunga kitambaa, nikasema nimeungua kwa uji wa moto, na nimekuwa nikikifunga miaka tisa. Hakuna anayemwuliza dresa habari za bendeji yake.

Jumapili nilikwenda Mwimbi. Baada ya misa nilifungua kitambaa mbele ya Baba na Mama. Baba, kwa kuwa macho hayamtoshi, alikipapasa kinundu kwa kidole gumba, akaniuliza ni tangu lini. Nikamwambia. Nikamweleza na maneno ya daktari. Bila kuuachia mkono wangu, akasema, "Nimemfukuza mwanangu kwa nyama aliyozaliwa nayo."

Mimi hakunipiga wala kunilaumu, na ingekuwa nafuu kama angenipiga. Mama aliingia ndani, akarudi na kile kibakuli. Kumbe alikitunza miaka yote. Alikivunja juu ya jiwe la kusagia, vipande akavizoa mwenyewe.

Barua hii anaileta Huseni, dereva wa lori la Mzee Muhidin, mpaka Abercorn, na huko ataikabidhi kwa watu wa kuaminika. Anarudi kila Ijumaa. Ameniahidi kuwa kiti cha pembeni yake hatampa mtu mpaka mavuno ya maharage yaishe. Sikuombi unisamehe kwa barua. Njoo unigombeze kwa mdomo wako.

Mama anakusalimu, Stefania anakusalimu. Baba ameniambia niandike hivi tu, kwamba chombo cha kulia peke yako hakipo tena nyumbani.

Nyuma ya karatasi nimechora mkono wangu wa kulia, na msalaba pale penye msuli. Weka wako juu yake uone.

Mimi mdogo wako,
Oswaldi