Kitanda kimemkunja mama mkwe, mke amehama, na draiva niliandika mimi

Mpendwa Shangazi mshauri, naomba unisaidie haraka maana nyumbani nimebaki na paka na sufuria chafu, kazini wananitazama kana kwamba nimekanyaga kitu kinachonuka, na yote haya yamempata mtu ambaye hajamkosea yeyote, kama utakavyojionea mwenyewe.

Mimi ni mkuu wa programu katika karakana inayotengeneza vitanda vya umeme vya hospitali, vile ambavyo muuguzi akibonyeza kitufe mgongo wa mgonjwa unainuka au unashuka, na kazi yangu ni kuandika draiva, yaani kile kipande cha programu kinachokaa ndani kabisa, kwenye kiini cha mfumo wa kompyuta ya kitanda, na kuiambia mota izunguke upande gani na kwa kasi gani, kazi ambayo si ya kila mtu, ndiyo maana wenzangu huniita Bwana Kiini, jina ambalo sikujipa ila nililipokea bila kusumbua.

Sasa kila kitanda huja na maelezo yake, tunayaita sifa za kifaa, kwamba mota ni ya aina gani, mwisho wa kuinuka ni wapi, mota imefungwa kawaida au kinyume, na utaratibu unataka draiva ikiamka iulize sifa hizo moja moja kabla haijagusa chochote, lakini mimi vitanda hivyo navijua nje ndani, kwa hiyo majibu yote niliyaandika mwenyewe humo humo kwenye draiva, mambo yakaisha, kwa nini niulize jambo ninalolijua?

Ndipo akaletwa kwenye timu yangu dada mmoja ambaye nimempa jina la Bi Uliza, Shangazi, huyo dada anauliza mpaka kiti kabla ya kukikalia, akachomeka mistari yake kwenye draiva yangu ili kila kitanda kihojiwe kuhusu sifa zake, na kikikosa jibu kikatae kusogea. Nikamwita mezani kwangu nikamwambia, "Dada, kitanda hakina mdomo." Akasema, "Kina maelezo, kaka. Tuyasome." Nikamwambia, "Na yasipokuwepo?" Akasema, "Basi kitulie na kipige kengele. Tusikisie mgongo wa mtu." Wenzake wakacheka, sikujua wanamcheka nani, nikaifuta ile mistari yote, kwa nia njema kabisa, ili draiva ibaki safi.

Baadaye watu wa manunuzi wakaleta mota za aina nyingine zinazofungwa kinyume, na vitanda vipya vikatoka na sifa imeandikwa wazi kwamba mota imegeuzwa, lakini draiva yangu haina tabia ya kuuliza, kwa hiyo haikujua, na kutojua si kosa. Tulijaribu kwenye kitanda kilichopo karakanani, ambacho ni cha zamani, kikafanya kazi vizuri sana.

Na kati ya binadamu wote walioumbwa, aliyelazwa kwenye kitanda kipya ni mama mkwe wangu, ametoka kufanyiwa upasuaji wa nyonga, muuguzi akabonyeza kitufe cha kumlaza, kitanda kikamwinua, muuguzi akadhani hakijasikia akabonyeza kwa nguvu zaidi, kikamwinua zaidi, mama akapiga kelele zilizosikika mpaka geti la nje, mshono ukafumuka, wakamrudisha chumba cha upasuaji. Anasema ameyabusu magoti ambayo hajayaona kwa karibu tangu alipokuwa msichana.

Mke wangu akaniuliza nini kimetokea, nikamweleza kwa utulivu habari za draiva na sifa za kifaa, akasema, "Mama amekunjwa kama mwavuli, na wewe unanifundisha kompyuta?" akafunga begi akaenda kwa dada yake. Mama mkwe naye nilipokwenda kumwona akasema, "Kumbe kitanda nacho kina dereva? Basi mfungieni leseni." Wodi nzima ikacheka, Shangazi, hata mgonjwa mwenye bomba puani.

Nashukuru kwamba hospitali imemsimamisha kazi yule muuguzi kwa kubonyeza vibaya, jambo ambalo limetuliza hali kidogo, na wauguzi wa wodi nyingine wenye vitanda kama hivyo wameshabandika karatasi juu ya vitufe, "Ukitaka chini bonyeza juu," kwa hiyo tatizo limekwisha. Bosi wangu anasema tusingizie umeme. Lakini Bi Uliza kila akipita mezani kwangu ananitazama tu, na hilo ndilo linaloniumiza kuliko yote.

Naomba unisaidie mambo mawili: mke wangu arudi bila mimi kulazimika kusema nimekosea, na yule dada ahamishwe bila ionekane ni mimi niliyetaka. Tafadhali usinitaje.

Wako katika dhiki,
Bwana Kiini


SHANGAZI ANAJIBU

Bwana Kiini, barua yako nilianza kuisoma nimekaa, nikasimama katikati, na mwishoni nikatafuta simu.

Pole kwa mke kuhama. Nyumba iliyonyamaza ghafla inauma, na wewe si wa kwanza kuandika hapa ukiwa na njaa na kiburi kwa pamoja. Pole yangu imeishia hapo.

Mimi sijui kompyuta. Yangu ikikwama naipiga kofi. Lakini kusoma najua, na wewe umeniandikia mwenyewe kwamba kitanda kilikuja na maelezo yake, yameandikwa wazi, mota imegeuzwa. Kilichotakiwa ni kusoma. Alikuwepo mtu aliyetaka kusoma, ukafuta kazi yake, halafu unaniambia ni kwa ajili ya usafi. Usafi gani huo, mwanangu, unaofumua mshono wa mtu?

Na hizo karatasi usizitaje tena mbele yangu. Mgonjwa akizimia ghafla anatakiwa alale chali papo hapo. Muuguzi aliyeitwa mbio kutoka wodi ya jirani atasimama asome hicho kikaratasi? Atabonyeza chini, kama mtu yeyote mwenye akili, na kitanda kitamkalisha mtu ambaye moyo wake unasimama. Wewe unaita hali hiyo tatizo limekwisha. Nimekasirika, na sikuombi radhi.

Kwa hiyo barua yako sikuiacha ingoje foleni ya gazeti. Umeomba nisikutaje, huku chini ya barua pepe umeacha cheo chako chote, jina la karakana na namba ya mapokezi. Nilikupigia wewe kwanza. Uliposikia ni mimi ukasema uko kwenye mkutano. Nikapiga mapokezi nikaomba yule dada wa timu yako anayeuliza sana, Bi Uliza wako, nikamweleza kuhusu zile wodi nyingine, maana hilo la karatasi hukuwa umemwambia. Akasema, "Shangazi, alifuta kwenye draiva. Kwenye kompyuta yangu hakufuta." Akaniaga, akampigia msimamizi wa wodi.

Sikiliza sasa yaliyotokea ukiwa bado uko mkutanoni. Vitanda vyote vipya vilichomolewa umeme, vikawa vinainuliwa kwa mkono. Bi Uliza akaenda hospitali mwenyewe, akaweka draiva inayouliza, akakijaribu kila kitanda akiwa amelala yeye juu yake. Kimoja maelezo yake yalikuwa hayajakamilika. Kilikataa kusogea, kikapiga kengele, wauguzi wakalalamika kwamba kina kiburi. Akawaambia, "Hicho ndicho kizima. Kinasema hakijui." Bosi wako akafoka kwamba hakuruhusu, ila hospitali hakuweza kuwadanganya, kwa sababu ule umeme mliotaka kuusingizia ulikuwepo siku ile nzima bila kukatika.

Kwa hiyo vitanda vimepona. Muuguzi hajapona. Bado yuko kwake, anawaambia watoto wake kwamba yuko likizo. Bi Uliza amejaribu kumtetea, lakini hospitali inataka kusikia kutoka kwa aliyeandika draiva iliyokuwemo siku ile, na huyo ni wewe peke yako. Hapa hakuna wa kukubebea.

Kesho asubuhi kabla ya kwenda kazini nenda kwa mganga mkuu wa hospitali. Sema, "Muuguzi alibonyeza sawa, draiva yangu ndiyo ilikosea, na nilionywa." Ukimaliza sentensi hiyo funga mdomo. Neno "lakini" liache nyumbani. Wakitaka uandike, andika hivyo hivyo. Bosi akikutisha, mwambie amechelewa, jambo lenyewe limeshatoka gazetini, maana ukiisoma hii, wanaokujua watakuwa wameshakutambua.

Kisha nenda kwa mama mkwe. Kaa kwenye kiti, mwache aseme mpaka achoke. Atakutania, na utastahili kila neno. Usimweleze draiva ni nini. Mama anajua draiva ni nini kuliko wewe, imempitia mwilini.

Bi Uliza hahamishwi. Mwombe mbele ya wenzake apitie kila unachoandika kabla hakijatoka, na uache kumwita kwa jina ulilomtungia. Analo lake. Aliniambia kwenye simu bila hata kumbembeleza, nikashangaa kwamba katika barua yote ile ndefu hukuwahi kuliandika.

Kuhusu mkeo, sina ujanja wa kumrudisha mtu bila wewe kusema umekosea, na ningekuwa nao nisingekupa. Ukimwona, mwambie ulichofanya, ulipokwenda na ulichosema huko. Usimwombe arudi siku hiyo. Akikufungia mlango, umefungiwa, rudi kwako ukale.

Ila mlango wa kwanza kubisha, leo hii kabla ya huyo mganga mkuu, ni wa muuguzi. Huyo amekuwa akiwalaza watu taratibu tangu wewe hujajua kuandika neno draiva, na sasa anaamini mikono yake ndiyo iliyomfumua mama wa watu. Mwambie kwamba si mikono yake. Mwambie umesimama mbele yake, umtazame, na usiondoke mpaka akuamini.