Chakula, Kazi, Marafiki

Jumapili, 2 Novemba
Simu ya mama, kabla sijaenda kanisani. Nimekula? Nimekula chakula. Kazi? Kazi nzuri. Marafiki? Wapo. Dakika nne.

Chuoni nilifundishwa kwamba neno la jumla hubeba mengine ndani yake. Ya kwangu yanaficha tu. Chakula ni mikate iliyovunjika kiwandani. Kazi ni kufunga ile mizima kwenye mifuko. Marafiki, hakuna.

Alhamisi, 6 Novemba
Neno pekee nililotamka leo ni asante. Kwa dereva wa basi.

Jumapili, 9 Novemba
Mama kachelewa kupiga. Baba anaumwa. Nini? Ugonjwa tu. Kapewa dawa. Dawa gani? Za hospitali.

Naijua lugha hii. Ni yangu.

Jumatatu, 10 Novemba
Theluji imeziba dirisha, na dirisha lenyewe dogo kama trei ya mikate. Mtaa wangu huku ugenini, Mount Dennis, wote kimya. Nimeketi kuorodhesha magonjwa. Malaria, presha, kisukari, vidonda vya tumbo. Nikaacha pale nilipoogopa kuandika linalofuata.

Jumatano, 12 Novemba
Nimepiga mwenyewe. Ugonjwa gani, mama?

"Na wewe unakula chakula gani, Rehema? Mwaka mzima nakuuliza, unanijibu kama unajaza fomu!"

Nikasingizia basi limefika. Nikakata. Mwoga mkubwa mimi.

Jumapili, 16 Novemba
Shikamoo, kisha nikasema yote kabla sijaishiwa nguvu. Mkate mkavu na chai ya rangi. Kiwandani, mashine ya mifuko. Rafiki sina hata mmoja.

 

"Figo," mama akasema. "Zote mbili zimegoma. Anasafishwa damu kwa mashine kila Jumanne na Ijumaa, saa nane mchana. Alikataza usiambiwe."

Nililia. Yeye hakulia. Akauliza mkate naupaka nini. Sipaki kitu. "Nunua basi hata karanga, mtoto wewe, uzisage." Saa nzima tumeongea. Kanisani sikwenda.

Jumanne, 18 Novemba
Saa nane mchana ya kule ni saa kumi na mbili asubuhi hapa. Nimeingia zamu, nikawasha mashine yangu. Baba alikuwa amelala kando ya yake.

Wakati wa mapumziko nilikula mkate. Wenye karanga.