Ng'ombe Ukutani

Ijumaa, Unyambwa

Na mimi nilijiona nina akili! Ningefunga tu madirisha ya darasa, nikawafundisha watoto somo la mwanga, yakaisha. Lakini hapana. Nilimwalika Mzee Mghenyi, ambaye bado hajaamua kama atanipa binti yake Salome, aone kwamba mwalimu naye ni mtu.

Tulifunga madirisha na mlango, tukabakiza tundu moja dogo mlangoni, na darasa likawa giza. Ukutani, pembeni ya picha ya Mfalme wa Uingereza, uwanja wote wa nje ukatokea, miti na watu, kichwa chini miguu juu. Watoto walishangilia. Nikakohoa kama mkaguzi: "Mwanga husafiri kwa mstari ulionyooka. Unaotoka juu hupita tunduni ukaangukia chini, na unaotoka chini..."

Sikumaliza. Mzee alikuwa amewaacha ng'ombe wake uwanjani, na sasa akawaona ukutani miguu juu. Kwa mfugaji, ng'ombe wa namna hiyo ni mzoga. Alitoka mbio nusura ang'oe mlango, jua likaingia, na somo langu lote likafutika.

Alirudi baada ya kuwapapasa mmoja mmoja.

"Samahani baba, ni mwanga tu," nikasema.

"Nimeelewa, Mwalimu. Lakini wale wa mahari utawaleta nyumbani kwangu mchana kweupe, wamesimama kwa miguu yao."

Watoto walicheka mpaka wakalia. Salome atakuwa ameshasikia. Na ng'ombe wenyewe sina hata mmoja, wa kusimama wala wa miguu juu.