Chumba cha Mama Bado Hakijakandikwa

Kaka Salumu,

Nyumba ya mama haipo tena Kariakoo. Iliondoka mwaka jana masika yalipokwisha, na wewe ukaondoka wiki ileile kwenda Mwanza. Shikamoo. Naitoa kwa sababu mama alitufundisha, si kwa sababu moyo umetulia.

Unakumbuka watu wa ofisi walivyokuja kusema panajengwa ghorofa? Wewe ulikaa barazani ukashika kichwa. Mimi nikapiga hesabu: kiwanja ni chao, boriti ni zetu, na mlango wa nakshi wa babu ni wetu. Udongo hauhami, unakandikwa upya popote. Tukapata kiwanja Kigamboni, balozi wa nyumba kumi akatutafutia lori.

Siku ya kubomoa ulishika brashi ukaandika kila boriti namba na upande wake. Zile boriti kuukuu ukizigonga vibaya zinapasuka, basi nikawa nyuma yako nakagua. "Dada, wewe hata siku ya kufa utamkagua mchimba kaburi!" Tulicheka mpaka wapangaji wakachungulia.

Pale kivukoni Magogoni ukanishika bega. "Nitarudi kabla ya kukandika." Nikakuamini.

Kumbe tulishakosea, na hatukuulizana. Ulipoandika "kulia", ulimaanisha kulia kwa anayeingia kutoka barazani, kama mlivyoingia wanaume. Mimi nikasoma kulia kwa anayeingia kutoka uani, maana sisi wanawake njia yetu ilikuwa huko. Fundi Chande alipomaliza kusimamisha, akarudi nyuma akaitazama. "Bibi wee, nyumba imevaa kanga nje ndani!" Wote wakacheka. Nami nikageuka nicheke na wewe.

Kuing'oa tena haiwezekani, boriti hazitavumilia. Kwa hiyo chumba cha mama kimehamia kushoto. Miaka yote hii tangu tumzike, lakini kila alfajiri nasukuma mlango wa kulia nimwamkie, nakuta magunia ya mkaa.

Kariakoo, siku ya kukandika mtaa mzima ulikanyaga udongo, mama akipika wali wa nazi. Huku nimeajiri vibarua. Walimaliza, wakanawa, wakaenda zao. Nilikuwa nimepika sufuria kubwa kwa mazoea, baada ya foleni ya mchele ya kutwa nzima. Nikakaa nalo peke yangu kwenye ukumbi, nasikia kijiko changu tu.

Nilianza maisha na sinia moja la vitumbua, sikungoja mtu. Hapa tu ndipo ninapongoja. Tonge la kwanza la udongo, chumbani kwake, mama alikuwa akikupa wewe, mwanawe wa kwanza, hata ulipokuwa huwezi kufika juu ya dirisha. Sasa vyumba vyote vimekandikwa, kile bado ni fito tupu. Upepo unaingia humo unavyotaka. Masika yakinikuta hivi, maji yatakula miguu ya boriti, na tutakuwa tumeihamisha nyumba ili ikafie ng'ambo.

Usiniandikie baridi ya Mwanza, wala salamu kwa wote wanaokufahamu. Huku wanaokufahamu ni mimi tu. Udongo nimeshauchimba, umelowekwa. Jibu lako linifikie kabla ya Idi. Idi mosi ikipita kimya, Idi pili nitapaka tonge la kwanza kwa mkono wangu, na chumba kile hakitakuwa tena na zamu yako.

Unakuja, au huji?

Mimi dada yako,
wa mlango wa uani