Kilo Zetu kwenye Mizani ya Mbuzi

Ijumaa, 5 Septemba

Chapati imeniponza leo! Kipande kidogo tu, ukubwa wa kidole gumba. Nimekimeza nikiongea na bosi wa shirika letu la misaada, hapa Lodwar, sikutafuna. Kikakwama palepale juu ya mkanda. Mate yakajaa mdomoni, povu tupu. Bosi anauliza visima vya Lokichar vimefikia wapi, mimi naitikia kwa kichwa tu — ndiyo, ndiyo, ndiyo. Sijui nimekubali nini. Nikakimbilia choo. Nimerudi macho mekundu, Natasha wa mapokezi akaniuliza polepole kama nina mimba. Na miaka yangu arobaini na nne! Nimemwambia ni malaria.

Nimeripoti kwa grupu. Ndiyo sheria: aliyekwama asifiche. Grupu letu la simu linaitwa Kijiko cha Chai, maana ndicho tunacholia chakula. Tuko watatu. Mimi ni mwenyekiti (nilijichagua). Yupo Mwalimu Opondo, anafundisha Kakuma, mtu wa samaki na ugali mkubwa. Na Nawoi, mwenye duka la shuka na shanga hukohuko Kakuma. Tulikutana wodini Eldoret, wiki moja tuliyofungwa mkanda wa tumbo, tukinusa supu ya wagonjwa wengine na kutaka kulia. Ni kamkanda laini, kanakaba tumbo kwa juu, ukila kidogo umeshiba. Chini ya ngozi kuna kitufe. Daktari akitia maji kwa sindano, mkanda unakaza. Akiyatoa, unalegea, unarudi kula kama zamani. Basi. Hakuna uchawi.

Opondo amejibu: pole Madam, chapati ni adui mwenye sura nzuri. Nawoi ametuma sauti, anacheka mpaka anakohoa. Halafu kwa upole: Dada, tafuna basi. Si wewe unayetufundisha?

Mshenzi yule. Nampenda.

Jumatano, 10 Septemba

Asubuhi nimeandika ripoti ya mgao wa chakula kwa vijiji vya upande wa Lokitaung. Mchana nimeinamia bakuli la viazi vya kuponda na kujihurumia kwa sababu vijiko vitano vimenishinda. Nikaona aibu. Sijui ya nini hasa, maana sijamnyang'anya mtu. Lakini nimeiona.

Jumamosi, 13 Septemba

Nimekuja Kakuma na gari la ofisi kukagua pampu. Na kupimwa!

Mwalimu alinunua mizani ya bafuni mwaka jana. Akiipanda inaandika herufi E. Akishuka inaandika E. Anasema imemwogopa. Kwa hiyo tunapimwa kwenye uwanja wa mifugo, soko likishafungwa, kwenye kizimba cha kupimia mbuzi na ng'ombe. Ejore ndiye mpimaji. Mtu mzuri, ila sauti yake imezoea mnada. Unaingia kizimbani, anafunga mlango kwa komeo kabisa, eti usiruke, halafu anatangaza kilo zako mpaka lori za Lokichoggio zinasikia barabarani.

Mara ya kwanza nilitaka kufa. Sasa tunashangilia. Aliyeshuka anapigiwa makofi. Opondo akitoka kizimbani anacheza kidogo, mabega tu, kiuno bado hakijapata ruhusa.

Leo wote tumeshuka! Nawoi zaidi ya wote. Sukari yake imetulia, daktari amempunguzia sindano. Anapanda ngazi za stoo bila kushika ukuta. Kitu hicho peke yake kinatosha kunifurahisha wiki nzima.

Lakini ana neno. Tukiwa tunakunywa chai (kabla ya kula, si pamoja na chakula, nimewakumbusha) akasema wateja wameanza kunong'ona. Shangazi yake kamuuliza wazi kama ni ule ugonjwa. Na habari imefika kwa mama yake, huko Lokitaung, kwamba Nawoi anaisha. Nikamwambia: mpigie, mwambie ukweli! Akanitazama hivi. Kasema mama alizika watoto wawili mwaka wa ukame, kabla yeye hajazaliwa. Njaa. Dada, nitamwambiaje mtu huyo kwamba nimeenda hospitali kufungwa nisile?

Mimi, mwenyekiti, nikakoroga chai isiyo na sukari.

Jumatano, 17 Septemba

Opondo amekiri mbele ya grupu: anakula aiskrimu ya mkebe kila jioni, kwa sababu "inapita". Ndiyo, inapita! Vitu vyote vibaya vinapita. Soda inapita, mafuta yanapita, mursik ya mama yangu, maziwa mazito ya mgando, inapita bila kubisha hodi. Kinachokwama ni kuku, maskini wa Mungu. Nimemfokea kwa sauti ya dakika nzima. Amejibu: sawa Madam, mkebe nimempa jirani. Nawoi akauliza jirani yupi, maana ana njaa. Tumecheka.

Jumamosi, 27 Septemba

Mungu wangu. Leo.

Tulikuwa uwanja wa mifugo, saa ya jioni. Mimi nimeshuka kidogo, Opondo amebaki palepale (aiskrimu!). Nawoi akaingia kizimbani. Ejore akafunga komeo, akasoma, akapaza sauti: ameshuka tena! Tukapiga kelele. Mimi napiga makofi, Opondo anapiga mluzi, Ejore anagonga mabati ya kizimba. Ameshuka! Ameshuka!

Kisha nikaona Nawoi hacheki. Anatazama nyuma yetu.

Mama mmoja amesimama langoni, shanga mpaka kidevuni, vumbi la safari magotini. Mkononi kamba, na kwenye kamba kondoo mwenye mkia mnene. Alikuwa ameshuka tu kwenye lori, kaulizia Nawoi dukani, kaelekezwa huku. Nani alimwelekeza huku, nitamtafuta.

Wafugaji wanajua kizimba kile ni cha nini. Mnyama akishuka kilo pale, mwenye mnyama anashika kichwa. Mama wa watu kasafiri na kondoo kumwokoa binti yake, akamkuta amefungiwa kama mbuzi, mifupa inatangazwa, na watu wanashangilia.

Opondo alikuwa wa kwanza kupata ulimi. Akamsalimia kwa Kiturkana: Ejok, Mama. Hakuitikiwa. Mama akaenda kizimbani, akafungua komeo mwenyewe, akamshika Nawoi mkono wa juu, akauzungushia vidole vyake, akapima. Vidole vyake havikukutana, mkono bado ni mnono! Lakini alitikisa kichwa kana kwamba ameshika kijiti.

Jumapili, 28 Septemba

Nililala kwa Nawoi, maana aliniomba nisimwache peke yake. Kondoo alichinjwa jana ileile. Asubuhi Mama ameyeyusha mafuta ya mkia kwenye sufuria, akajaza kikombe kikubwa, akampa Nawoi. Dawa ya kurudisha mwili. Kwao mgonjwa hupewa hivyo, mzazi aliyejifungua hupewa hivyo, na mama aliyetoka mbali akikupa hivyo huweki chini.

Na mafuta yanapita. Mkanda hauwezi kukusaidia hapo.

Opondo alikuja baada ya ibada, akaketi karibu na mlango, kiti cha plastiki kikalia. Nawoi ameshika kikombe kwa mikono miwili. Mimi sikuweza kunyamaza, nikasema: Mama, asinywe, ana sukari. Mama akanigeukia. Kiswahili chake ni kidogo lakini kinatosha.

"Wewe ndio ulipiga makofi jana."

Nikatazama sakafu.

Basi Nawoi akaweka kikombe juu ya kigoda, akainua blauzi, akachukua mkono wa Mama akauweka kwenye kitufe chini ya ngozi. Akaeleza kwa Kiturkana, muda mrefu. Mama akabonyeza kitufe. Akabonyeza tena. Nilifikiri atapiga kelele. Akaongea taratibu tu, Nawoi akatutafsiria. Mama anasema: hata sisi tunamfunga mwanambuzi mdomo, asinyonye. Tunamfunga ili maziwa ya mama yake yabaki, watoto wanywe. Wewe umefungwa. Chakula chako kinabaki cha nani?

Mwalimu mwenye shahada akageukia mlango, mimi mwenye ripoti za njaa mezani nikageukia kikombe.

Nawoi akachukua kikombe akanywa. Chote. Mama akalia kimya kimya, anajifuta kwa kona ya shuka, anafurahi. Mimi niliona kila funda likishuka na sikunyoosha mkono.

Jumatatu, 29 Septemba

Nimerudi Lodwar. Meseji ya Nawoi imeingia nikiwa mkutanoni. Sukari imepanda vibaya tangu jana. Na hili: daktari akija Ijumaa (anakuja Lodwar kutuona, kila baada ya miezi miwili), atamwomba atoe maji yote. Mkanda ulegee. Mama akiona anakula ataondoka na amani. Msinikasirikie.

Nimekasirika!

Jumatano, 1 Oktoba

Nilimtumia Nawoi sauti jana. Kali. Nimemwambia mama yake atamwua kwa mapenzi. Halafu nikaisikiliza, nikaifuta nikidhani hajaifungua. Kumbe ameshaisikiliza nusu, ameniandikia hivyo.

Niseme ukweli hapa, maana hapa hakuna mtu. Namwogopea Nawoi, ndiyo. Lakini najiogopea pia. Akilegeza yeye, nitabaki na nani wa kunicheka chapati ikikwama? Nitafika lini mimi kwa daktari huyohuyo kusema na mimi nilegezewe? Siku chache tu, nionje nyama kama watu? Najijua.

Opondo ndiye ameonyesha akili. Anapita kwa Nawoi kila jioni akitoka shule. Hahubiri. Anakaa mbele ya Mama na bakuli lake dogo la dengu, anakula na kijiko cha chai, polepole, mpaka Mama anachoka kumtazama. Jana akamwambia Mama kwamba na yeye amefungwa. Mama hakuamini, mwanaume mzima. Akamwonyesha kitufe! Anasema Mama alikibonyeza kama anachagua papai sokoni, akacheka kwa mara ya kwanza tangu aje. Kisha akamuuliza kama mke wake alimruhusu.

Na leo kumetokea la maana zaidi. Nawoi amevua kiatu. Kidole cha mguu cha mwisho hana, tangu mwaka juzi. Mama aliambiwa ni mwiba uliooza. Leo Nawoi ameshindwa kuendelea na mwiba huo, akasema ni sukari, kidole kilikatwa wakati ule mwili ulipokuwa mkubwa na wewe Mama ukinisifu kwamba nimenona. Opondo anasema Mama aliushika ule mguu mapajani akakaa nao. Jioni hakupika mafuta. Lakini hakuyamwaga pia, sufuria iko palepale imefunikwa.

Nimempigia Nawoi. Nimeomba msamaha kwa ile nusu aliyoisikia. Akasema nusu ilimtosha. Tukacheka, vibaya vibaya. Nikamuuliza Ijumaa ameamua nini. Akasema sijui, Dada. Usiniulize tena. Njoo tu.

Ijumaa, 3 Oktoba

Naandika kwenye kiti cha kliniki, Lodwar. Feni inazunguka bila kutoa upepo. Nimemwambia bosi nina malaria. Atafikiri mbu wa Lodwar wananipenda mimi peke yangu.

Wamekuja wote watatu kutoka Kakuma, alfajiri. Mama amevaa shanga zote na shuka mpya ya dukani kwa Nawoi. Opondo ananinong'oneza kwamba njia nzima hakufungua mdomo, ila mara moja, kuuliza huyo daktari ni mtu wa wapi na kama ana mama.

Nimemsalimia. Ejok, Mama. Ameitikia! Halafu amenishika mkono wa juu, amenizungushia vidole, amepima, ameniachia. Sijui nimepata alama ngapi.

Nawoi hajala tangu jana kwa wasiwasi. Nimemtolea yai la kuchemsha kutoka mkobani, maana mwenye sukari hakai na njaa. Amelikata kwa kijiko. Kipande cha kwanza. Anatafuna, anatafuna, macho ukutani. Nimegeuka kumwona Mama kama amekunja uso.

Mama anamtazama mdomo. Na yeye anatafuna. Mdomoni hana kitu, lakini taya linakwenda, polepole, sawasawa na la Nawoi, kama mtu anayemlisha mtoto mchanga na hajijui. Nawoi akimeza, na yeye anameza. Nimeshindwa kutazama. Opondo amejifanya anasoma bango la chanjo.

Nusu ya yai. Amesema ameshiba. Mama amelichukua lililobaki, amelishika mkononi tu.

Nesi ameita jina la Nawoi. Mama amesimama kabla yake. Wameingia pamoja, mlango umefungwa. Nimejaribu kusikiliza. Sauti ya daktari, sauti ya Nawoi ikitafsiri, tena sauti ya Mama, ndefu. Kulegeza au kukaza? Mwalimu anafuta jasho la shingo, ananiuliza mimi kana kwamba mimi ndiye daktari.

Mlango umefunguka. Nesi ametoa kichwa, amechanganyikiwa kidogo. Anasema yule mama amekataa sindano iguse mtu kwanza. Anataka wale wengine waliofungwa nao waingie, daktari aseme mbele ya wote, maana hawezi kuamulia mtoto mmoja na hawa wengine hawana mzazi hapa. Mko wapi?

Opondo ameshasimama, anachomeka shati. Anasema Madam, acha kuandika, tunaitwa na Mama. Naja, naja. Nesi ameshika mlango. Ndani naona mkono wa Mama, bado umeshika lile yai, na ule mwingine unatuashiria tuingie.